UZI: Tai inakomea kitovuni au inapita mshipi? Angalia mkia kabla hujailaumu tai

MuuzaTai_Kongowea

Salamu kwenu wote wa Mombasa na wa mbali. Mimi nauza tai na mashati ya mtumba Kongowea, na swali ninaloulizwa hata kuliko bei ni hili: "Hii ni ndefu ama ni fupi?" Mteja anaijaribu mbele ya kioo, anafunga fundo kubwa aliloliona kwenye simu, ncha inakomea kitovuni, anaivua na kuniambia hii ni tai ya mtoto. Anakuja wa pili, kimo chake kifupi, anafunga fundo alilofundishwa shuleni. Mbele pamekaa sawa lakini mkia, ule upande mwembamba wa nyuma, unachungulia chini. Huyu naye anasema tai ni ya jitu. Tai ni ile ile moja! Nimechoka kueleza kwa mdomo, sasa naandika.

Ncha ya upande mpana yafaa ifike kwenye chuma cha mshipi, iguse ukingo wake wa juu au katikati yake. Hapo sidhani kuna wa kubisha. Watu wanapopotea ni pale wanapodhani fundo ndilo linaloamua mbele patafika wapi. Mbele waweza kupafikisha popote kwa fundo lolote, mradi ubadilishe pa kuanzia. Kabla hujaanza kuzungusha, ukiushusha upande mpana sentimita mbili, mkia umepanda sentimita mbili. Fundo lenyewe kazi yake ni kula kitambaa, na ukishaifikisha ncha mshipini, kitambaa kilicholiwa kimetolewa kwenye mkia. Kwa hivyo mbele unapapanga kwa pa kuanzia, mkia unaupanga kwa fundo.

Mkia una masharti mawili. Uwe mfupi kuliko mbele, usionekane. Na uwe na urefu wa kufika kwenye kile kitanzi kilichoshonwa nyuma ya upande mpana, upite ndani yake na utulie. Ukichungulia, fundo ni dogo kwa mwili wako na tai hiyo. Usipofika kitanzini, fundo ni kubwa mno. Basi.

Mafundo yenyewe, kuanzia lile linalokula kidogo: kuna Oriental, ambalo tai unaigeuza mshono ukawa nje, unavusha mara moja, unapandisha na kushusha. Halafu fundo la shule, lile Waingereza waliloliita "four-in-hand": upande mpana unapita juu ya mkia, unakwenda nyuma, unarudi mbele, unapanda kwa ndani shingoni na kushuka ndani ya mzunguko wa mbele. Linatoka jembamba, limeinama kidogo upande mmoja, na mimi naona kuinama huko ndiko uzuri wake. Pratt linafuata, nalo huanza mshono ukiwa nje lakini linasimama sawa pande zote. Kisha nusu Windsor, kisha Windsor kamili, ambalo upande mpana hupandishwa shingoni kushoto na kulia kabla ya kufungwa. Kipenzi changu kwa wateja wafupi ni Prince Albert: ni fundo la shule, ila mbele unazungusha mara mbili badala ya moja, kisha unashusha ndani ya mizunguko yote miwili. Linakula urefu bila kunenepa sana.

Trinity na Eldredge na mengine ya mapambo hayamo kwenye hesabu hii. Hayo hufungwa kwa mkia. Upande mpana unaupima mwanzo na kuuacha papo hapo mpaka mwisho.

Tai nyingi za watu wazima ni kati ya sentimita 145 na 150. Za watu warefu hufika 155 hadi 160, na zikija kwenye mzigo kutoka Marekani huchanganyika na nyingine, mara nyingi bila alama yoyote. Njoo na futi kamba.

Twiga_wa_Mikindani

Nimecheka, maana huyo wa kitovuni ndiye mimi. Nina futi sita na inchi tatu, kola yangu inchi 17 na nusu. Nafunga Windsor kwa sababu fundo dogo naona linapotea kwenye shingo hii. Nikiilazimisha mbele ifike mshipini, mkia unabaki kipande tu, hata kitanzi haukioni. Nikiinama kuchukua kitu unachomoka na kwenda wake.

Kofia_na_Kanzu

Na Kaskazi hii, mtu mzima ajifunge kamba shingoni kwa hiari yake? Wacheni mchezo. Kanzu ina kitanzi gani?

MuuzaTai_Kongowea

Shekhe, kanzu hatushindani nayo, Ijumaa mimi mwenyewe nimo ndani yake. Lakini mtu akiitwa usaili wa benki Nkrumah Road utamwambia nini?

Kofia_na_Kanzu

Avae suti ya Kaunda.

MuuzaTai_Kongowea

Hiyo Spika Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023. Koti, kola na tai, akasema. Suti za Kaunda zikabaki kwa Rais na sisi wengine wa nje.

MwalimuHesabu_Tudor

Tusiingie siasa, mada ni tamu. Hili ni jambo la kujumlisha na kutoa, tulifanye kwa namba.

Chukua tai ya sentimita 147. Twiga: shingo pamoja na kola 44, kutoka kooni hadi mshipini tuseme 58. Zimekwenda 102, zimebaki 45 za fundo na mkia. Tukadirie fundo la shule linakula 17: mkia unabaki 28, na kwenye tai nyingi huo unakifikia kitanzi. Windsor tukadirie inakula 27: mkia ni 18. Kitanzi kiko chini zaidi ya hapo. Tatizo lako ndilo hilo, na wala si tai.

Mchukue sasa mtu wa futi tano na inchi nne, shingo 37, kooni hadi mshipini 43. Tai ile ile inambakishia 67. Kwa fundo la shule mkia wake ni 50, umeipita mbele kwa sentimita 7. Huo ndio unaochungulia. Kwa Windsor mkia ni 40, umejificha.

Namba za fundo ni makadirio, zinabadilika kwa unene wa kitambaa na nguvu ya mkono. Kila mtu apime lake: funga tai sawasawa, bana pini pale mkia unapotokea chini ya fundo na pini nyingine pale upande mpana unapotokea. Fungua, nyosha, pima kati ya pini mbili, toa shingo. Kilichobaki ndicho fundo lako linachokula.

Karani_Mfupi

Mwalimu, hizo 43 na 37 umenipima lini? 😂 Mimi mkia huwa nauingiza ndani ya suruali.

MwalimuHesabu_Tudor

Ukiinua mikono unatoka.

Karani_Mfupi

Unatoka, ndio.

Suti_Nyeusi

Nimesoma yote na sikubaliani na kumfungisha mtu mfupi Windsor. Uso mdogo, shati lenye kola nyembamba, halafu fundo la ukubwa huo chini ya kidevu? Kola yenyewe itainuka, ncha zake zitaelea juu ya koti. Windsor inataka kola iliyofunguka pande. Na kinyume chake, jitu kama Twiga ukimvisha Oriental atachekwa. Ninyi mnaangalia mkia ambao hauonekani, mimi naangalia fundo ambalo kila mtu analiona.

MuuzaTai_Kongowea

Hapo umenena, na ndipo ugumu ulipo. Mwili mrefu unataka fundo dogo ili kitambaa kitoshe, lakini kwa macho unaupendezea fundo kubwa. Mwili mfupi unataka fundo la kula, lakini unameza kwa shida fundo nene. Ndiyo maana nikataja Prince Albert. Karani asifunge Windsor. Azungushe mara mbili fundo la shule, litatoka refu kidogo bila kupanuka, kola yake itatulia.

MwalimuHesabu_Tudor

Kwa kadirio la 24, Prince Albert linamwachia Karani mkia wa 43, sawasawa na mbele. Akishusha mbele sentimita moja, kutoka ukingo wa chuma hadi katikati yake, mbele ni 44 na mkia 42. Kila sentimita unayosogeza pa kuanzia inafungua tofauti ya mbili. Watu husahau hilo, wanasogeza mno, kisha wanaanza upya mara chungu nzima.

Twiga_wa_Mikindani

Sasa mimi nichekwe?

Suti_Nyeusi

Wewe tafuta tai nene. Duke wa Windsor mwenyewe, yule aliyekuwa Mfalme Edward VIII mpaka alipoacha ufalme Desemba 1936, hakuwa akifunga fundo lenye jina lake. Aliagiza tai zenye kitambaa kinene ndani, akafunga fundo la shule, likatoka nono. Watu walipouona unono ule wakautafutia njia kwa tai za kawaida, kwa kuongeza mizunguko. Fundo likapewa jina lake.

MuuzaTai_Kongowea

Naam. Mtumba una raha yake hapo, kwa sababu unaigusa tai kabla ya kulipa. Ibane kwa vidole pale katikati panapokaa shingoni na pale fundo litakapokuwa. Ukihisi kitambaa cha ndani ni kizito, hiyo ni ya Twiga, fundo la shule litamtosha. Kitambaa kinene nacho kinakula urefu, nisikudanganye, ila hakikuli kama mizunguko ya ziada. Ukiipata nene na ina sentimita 155 kwenda juu, usiirudishe kwenye fungu hata kama rangi si ya moyo wako.

Pia kuna suruali. Siku hizi vijana mshipi uko nyongani. Kila unapoishusha suruali, umeiongezea tai safari. Ukiivaa kiunoni panapostahili, tai "fupi" nyingi zinapona bila kubadilisha fundo.

Baharia_wa_Likoni

Vijana, mnalipigia kelele fundo ambalo sisi wa melini tunalijua kwa kazi nyingine. Hilo mnaloita la shule ni lile lile ambalo mabaharia wa Kizungu zama za tanga walifungia kamba za kukunjia tanga kwenye ukingo wake wa chini. Kamba inazungushwa kwenye shina lake yenyewe na ncha inaingia ndani. Tanga likipigwa na upepo siku nzima halifunguki, linazidi kujibana. Tai inateleza kwa sababu ni pana na laini. Kamba ukiikaza hivyo utatafuta kisu.

Kwa hiyo nikiona mtu anaivuta tai kwa upande mpana ili kulibana fundo, nasikitika. Shika mkia kwa mkono mmoja, fundo lisukume juu kwa mwingine. Ukivuta mbele unaifanya ncha ishuke na fundo lijikaze vibaya, urefu uliopima umepotea.

Twiga_wa_Mikindani

Shikamoo mzee. Hili la kuvuta mbele nimelifanya maisha yangu yote.

Baharia_wa_Likoni

Marahaba. Na jioni usiitoe kichwani ikiwa imefungwa ukaitundika hivyo. Ifungue kwa kurudi njia uliyokuja. Jasho la hapa likikaukia kwenye mkunjo, mkunjo hautoki.

Dada_wa_Mapokezi

Nimefurahi kuona uzi huu, kwa sababu kila mtu anazungumza kama tai ni ya wanaume peke yao. Kazini kwangu, hoteli moja ya Pwani Kaskazini, sare ya mapokezi ina tai na zote zimeshonwa saizi moja ya kiume. Nina futi tano na inchi moja na sketi inafungwa juu, kiunoni hasa. Nimejaribu Windsor, mkia bado unanichungulia. Kukata haturuhusiwi.

MuuzaTai_Kongowea

Dada, kwako fundo peke yake halitoshi. Mwili ukiwa mfupi hivyo na sketi imepanda, hata Windsor haina tumbo la kumaliza kitambaa chote. Funga Prince Albert au nusu Windsor, ipi kola yako inaikubali, kisha mkia uingize ndani ya shati kati ya kifungo cha tatu na cha nne. Mbele inaufunika, hakuna atakayejua. Wanaume wengi wafupi wanaoonekana nadhifu kwenye picha wamefanya hivyo hivyo, hawasemi tu.

Bi_Futikamba

Naongezea kwa dada. Usikubali kupimwa kama mwanamume. Futi kamba ianzie kooni ipite juu ya kifua ulivyovaa, ndipo ishuke kiunoni. Kifua kinachukua sentimita zake, na ukipima hewani utafunga fupi kisha ncha iwe inasimama mbali na tumbo. Halafu kibanio cha tai kibane tai pamoja na shati, kati ya kifungo cha tatu na cha nne pia. Mapokezi unainama kila dakika juu ya kaunta.

Dada_wa_Mapokezi

Asanteni sana. Hilo la ndani ya shati kesho asubuhi nalijaribu.

Abu_Maktaba

Muuza tai, swali. Tai nzuri nzuri za mtumba ukigeuza lebo unakuta hariri asilimia mia. Sisi wanaume wa Kiislamu hariri tupu hukumu yake inajulikana. Nikichukua polista fundo linateleza, saa nne asubuhi limeshalegea na ncha imeshuka chini ya mshipi. Nifanyeje?

MuuzaTai_Kongowea

Hili naulizwa kila siku, hasa na watu wa Mji wa Kale na Bondeni, na ndiyo maana fungu la hariri naliweka kando ili mtu asichanganyikiwe. Kwa polista nyembamba usitumie Oriental wala fundo la shule ikiwa unaona linalegea. Panda ngazi moja: Pratt, au nusu Windsor kama urefu upo. Mikunjo ikizidi, kitambaa kinajishika chenyewe. Ila angalia mkia, maana umeongeza mlaji. Pia kuna polista iliyofumwa kwa uzi mnene, mkono unaihisi ina mikwaruzo. Hiyo inashika fundo la shule bila taabu.

Sufi ni nene, fundo la shule tu, ukiipeleka Windsor utapata ngumi kooni. Na kwa hapa sufi ni ya ofisi zenye baridi ya mashine. Ukipanda matatu nayo saa saba mchana utanikumbuka. Pamba na kitani ndizo ningekushauri uzitafute, zinapumua na zinashika fundo, ila zinakunjika.

Halafu zile za kufumwa kama soksi, zilizokatika mraba chini. Watu wanazipenda, na kweli kwa joto zinafaa kwa sababu zina matundu. Lakini ukiitundika inajivuta kwa uzito wake, baada ya muda ni tai nyingine kabisa kwa urefu. Izungushe uiweke kwenye droo.

Suti_Nyeusi

Kuhusu kulegea: tukumbuke pia kwamba ukiishusha tai makusudi kupumua, ncha inashuka pamoja na fundo. Mtu anafungua kifungo cha juu saa sita, analivuta fundo chini vidole vitatu, anakwenda mkutanoni ncha iko chini ya mshipi na anashangaa. Ukijua utakuwa wa kulegeza, afadhali ivue ukunje mfukoni, uifunge tena ukifika.

Na shati lenyewe: nunua kola inayoingiza vidole viwili. Watu wananunua kola ya kubana, kisha wanalaumu tai inanyonga.

Pratt_ni_Lipi

Samahani, hilo Pratt nimelitafuta, kila video inafunga tofauti. Ni la nani?

MwalimuHesabu_Tudor

Lina jina la Jerry Pratt wa Marekani. Mzee huyo alimfundisha mtangazaji wa televisheni wa Minneapolis, Don Shelby, na mwaka 1989 likaandikwa kwenye New York Times, ndiyo maana wengine huliita Shelby. Lifunge hivi: geuza tai mshono nje, upande mpana upite chini ya mkia, upandishe mbele uingie shingoni kwa juu na ushuke, kaza. Kisha uvushe mbele ya fundo, upandishe kwa ndani, ushushe ndani ya mvuko ule. Linatoka safi, upana wa kati.

Na kwa wanaopenda hesabu: mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walichapisha kwenye jarida la Nature orodha ya mafundo yote yanayowezekana kwa hatua zisizozidi tisa. Walipata 85. Waliyapanga kwa idadi ya hatua, na kwa mada yetu hiyo ndiyo faida: Oriental lina hatua tatu, la shule nne, Pratt tano, nusu Windsor sita, Windsor nane. Hatua ni kitambaa. Baadaye timu ya Mikael Vejdemo-Johansson ikalegeza masharti, ikaruhusu na mafundo kama Eldredge, hesabu ikafika 266,682.

Karani_Mfupi

Laki mbili na elfu sitini na sita, na mimi nimekwama kwenye moja tangu sekondari.

Kofia_na_Kanzu

Kanzu: sifuri. Nasisitiza.

Mama_Wawili_Bamburi

Naomba msaada wenu. Mwanangu ameingia sekondari ya bweni, duka la sare limempa tai ndefu ya mtu mzima wakisema "atakua nayo". Ana futi tano. Nimemfunga mimi, imefika mapajani. Kuna wenzake wana zile za mpira zilizofungwa tayari, nimnunulie hiyo?

MuuzaTai_Kongowea

Mama, ya mpira usimnunulie kama shule haijalazimisha. Kwanza urefu wake ulipangwa kiwandani, mtoto akirefuka nusu mwaka tai imebaki kitovuni na huwezi kuirekebisha. Tai za shule nyingi ni polista nyembamba, kwa hivyo fundo linalokula sana halimwoneshi kama ameazima tai ya babake. Mfundishe Prince Albert, na kama mkia bado ni mrefu uingie ndani ya shati chini ya sweta. Akirefuka ahamie fundo la shule, tai ile ile. Hilo ndilo "atakua nayo" la kweli.

Mfundishe mbele ya kioo ukiwa umesimama nyuma yake, mikono yako ipite juu ya mabega yake. Ukisimama mbele yake unamfundisha kinyume.

Fundi_Majengo

Nimekuwa kimya nikisoma. Mimi ni fundi cherehani, na kabla mtu hajateseka na mafundo, tai inafupishika. Lakini tafadhali msiikate ncha! Naletewa tai zimekatwa ncha na fundi wa suruali, bitana imetoka, pembe haipatikani tena.

Geuza tai utaona viungo. Nyingi zina vipande vitatu vilivyokatwa mshazari, mtindo ulioenea kutoka kwa Jesse Langsdorf wa New York miaka ya 1920. Ule mshazari ndio unaoifanya tai inyooke baada ya kufunguliwa. Kufupisha kunafanyika kwenye kipande cha katikati, kinachokaa shingoni chini ya kola. Unafungua ule mshono mrefu wa mkono wa nyuma, unapunguza kitambaa cha juu na kile cha ndani, unaunga tena kwa mshazari ule ule, unarudisha mshono kwa mkono, sio kwa mashine. Ule uzi uliolegea mwishoni uuache na ulegevu wake, tai inapumua kwa huo. Usizidishe: kadiri unavyotoa, upana wa vipande viwili unazidi kutolingana pale pa kuunga. Sentimita tano, sita, kazi safi. Zaidi ya hapo nunua tai nyingine.

Dada_wa_Mapokezi

Fundi, na kurefusha?

Fundi_Majengo

Inawezekana ukipata kitambaa cha kuongezea shingoni, hakionekani kikiwa chini ya kola. Ila rangi ikikaribiana tu, siku utakayovua koti na kola ikapanda utaonekana.

Twiga_wa_Mikindani

Ripoti: nimepima kwa pini kama mwalimu alivyosema. Windsor yangu na hii tai inakula 29! La shule 18. Nimefunga la shule, suruali nimeipandisha, mkia umeingia kitanzini kwa mara ya kwanza. Mke wangu anasema fundo ni dogo lakini tumbo limepungua. Nitafuata tai nene. Muuza tai, Jumamosi upo?

MuuzaTai_Kongowea

Nipo mpaka Adhuhuri. Njoo umevaa shati lenye kola na suruali ya suti, usije na fulana na kaptura kisha uniulize tai imefika wapi. Mzigo mpya unafunguliwa Ijumaa jioni, nitakuwekea za 155 kwenda juu ambazo si hariri na za hariri kando, utachagua mwenyewe.

Abu_Maktaba

Za kitani zikiwemo niwekee moja, rangi ya samawati.

Karani_Mfupi

Na tai za kipepeo je, zile zina fundo gani?

MuuzaTai_Kongowea

Karani, hiyo fungua uzi wako.